Sare Arobaini na Mtu wa Katikati

Cherehani ilikuwa kimya. Sare arobaini za shule zilining'inia ukutani, safi, zimepigwa pasi. Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki mbili zilizopita, na mshonaji alikuwa ameuza tatu tu.

"Wamenitenga," alimwambia mumewe. Mumewe ni fundi bomba, amehamishiwa mkoa huu kikazi. "Kule tulikotoka, wazazi waligombania sare zangu. Hapa wananichekea tu, kununua hawanunui. Jumamosi nachukua wanangu narudi kwetu."

"Na mimi je?"

"Wewe una mabomba yako."

Fundi bomba akaacha chai yake katikati, akaenda kazini kichwa chini.

Haukupita muda, jirani yao akabisha hodi. Watu humwita Bibi Karani, maana alifanya kazi ya sensa, yaani kuhesabu watu, mpaka akastaafu. Alimkuta mshonaji akifunga nguo.

"Mwanangu, safari ya wapi tena?"

Mshonaji akamweleza, machozi yakimlengalenga.

"Nani akutenge? Wanao ndio kelele pekee tuliyobaki nayo! Kitendawili!"

"Bibi, leo sina moyo wa vitendawili."

"Kitendawili!"

"Haya basi, tega."

"Nusu wako mbele yangu, nusu wako nyuma yangu."

"Nakupa mji."

"Nimeupokea, tena mji mzuri. Jibu ni mtu wa katikati. Lete kopo lako la vifungo."

Bibi akapanga vifungo tisa mezani. "Kule, uliniambia, jirani zenu walikuwa watu tisa kwenye uga mmoja. Nitajie umri wao, anza na mdogo."

"Mwaka mmoja. Mitatu, mitano, minane, kumi na mmoja, kumi na minne. Ishirini na tisa, thelathini na mitatu. Na bibi mmoja wa themanini."

Bibi akaweka kidole kwenye kifungo cha tano. "Kumi na mmoja. Wanne wadogo kwake, wanne wakubwa. Huo ndio umri wa katikati. Hata yule bibi angefika mia, wa katikati ni huyuhuyu. Sasa uga wetu huu. Wanao, sita na tisa. Wewe thelathini na miwili, mumeo thelathini na sita. Halafu sisi: hamsini na minane, sitini na mmoja, sitini na saba, sabini, sabini na minne."

Kidole kikarudi kwenye kifungo cha tano.

"Hamsini na minane!" Mshonaji akashika kiuno. "Jamani! Sare zangu angevaa nani?"

"Huu ni uga mmoja tu. Lakini sensa huwapanga watu wa mkoa mzima hivihivi. Kule kuna viwanda. Vijana huhamia, huoana, huzaa. Wetu wakimaliza shule, hao, wanawafuata. Watoto hapa wapo, ila wachache. Nchi ni moja, lakini mkoa huu una mvi."

Mshonaji akazitazama sare zake. "Sasa nyie mnataka kushonewa nini?"

"Leo ndiyo umeuliza! Bega hili halinyanyuki. Jana nilikwama ndani ya gauni, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa."

Mshonaji alicheka mpaka akakaa. Kisha akachukua futi yake, akapita mlango kwa mlango akiuliza na kupima. Alishona magauni ya kufunguka mbele, na suruali za mpira kiunoni kwa vidole vilivyokakamaa. Sare akazituma kwa dada yake, kule walikotoka. Hazikumaliza wiki.

Mwezi uliofuata, fundi bomba alirudi jioni akakosa pa kukaa. Benchi lilijaa wazee wakibishana nani ametangulia.

"Kijana," mmoja akamwuliza huku akipimwa, "nasikia mkeo anahama. Nitaipata suruali na shati langu kabla hajaondoka?"

Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Hahami mtu hapa. Inua mkono, mzee wangu. Pale mkono unapoishia, ndipo nitakapoanzia kushona."