Msasa Ajifunza Kukumbuka Ndoto

Nyumba ya Mzee Randa ilikuwa na vyumba vitatu mbele na karakana nyuma. Kazi ya nyumba ile ilikuwa moja: kutengeneza majeneza. Mzee alipiga randa. Mwanawe mkubwa alipima na kukata. Mkaza mwana alipiga msasa na vanishi. Mama wa nyumba alishona kitambaa cha ndani. Mtoto wa mwisho, Kitinda, alipeleka kazi kwa wateja kwa mkokoteni.

Mzee Randa alijua kazi. Ubao aliouranda yeye, nzi akitua juu yake aliteleza na kuvunjika mguu. Mteja mmoja alinunua jeneza lake mapema, akawa anahifadhi unga ndani. Panya walifika, wakaona ni kitu gani, wakavua kofia, wakaondoka kimya kimya.

Mwana mkubwa aliitwa Futi, kwa sababu futi kamba haikutoka mfukoni mwake. Alipima hata mkate kabla ya kuugawa. Siku moja alikwenda kununua mbao. Rundo likaporomoka, likamwangukia. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa, na mikono yake imepondeka. Jeneza lake alilitengeneza baba yake. Mkewe, ambaye wote walimwita Msasa, alilisugua mpaka vidole vikatoka damu. Hakuna aliyemwambia basi, inatosha.

Baada ya mazishi, Mzee Randa hakuweza kulala. Alikwenda karakana kabla ya jua na kuanza kugonga misumari. Ko, ko, ko. Kila alfajiri Msasa aliruka kitandani kama nyumba inaungua. Kabla hajavaa ndala, mama mkwe alikuwa amekwisha simama mlangoni.

"Umemwona?"

"Sijamwona, Mama."

"Mimi nimemwona."

Kwenye chai mama mkwe alisimulia. Ndoto zake zilikuwa ndefu, tena zimenyooka. Zilikuwa na mwanzo, katikati, na shukrani mwishoni, kama hotuba ya mgeni rasmi.

"Alikuja amevaa shati jeupe," alisema asubuhi moja. "Akanisalimu. Akasema, 'Mama, mambo yangu ni matatu. La kwanza, nimepumzika. La pili, mtunzeni baba. La tatu, yule mwanamke arudi kwao. Mdogo wangu anaoa, apewe chumba.'"

Kitinda aliangalia chai yake. Lakini kichwani alikuwa amekwisha panga kitanda na kabati.

"Mama," alisema Msasa, "kwetu hapana mtu. Wazazi wamekufa. Nyumba imeuzwa."

"Si mimi niliyesema. Ni mumeo. Mke aliyependwa hutembelewa, mkwe wangu. Wewe hata kivuli chake hukioni. Jiulize kwa nini."

Msasa alikuwa amejiuliza sana. Asubuhi ya mwisho walikuwa wamegombana, yeye na Futi, kwa ajili ya kopo la vanishi lililoachwa wazi. Alimwambia, "Nenda zako, usinichoshe." Naye Futi akaenda zake.

Kwa hiyo aliogopa kwamba mama mkwe anasema kweli.

Alijaribu kila njia. Alilala na shati la Futi kifuani. Alikula sana usiku, kwa sababu alisikia tumbo lililojaa huleta ndoto. Lilileta kiungulia. Mwishowe Kitinda alimnunulia vidonge vya usingizi dukani. "Shemeji, meza hivi. Utalala, utaota, utamwona, yataisha." Msasa alimeza. Akalala kama ubao, na akaamka hana kitu.

Siku moja Mzee Randa alimsogelea karakana. Alitazama nyuma kwanza.

"Mwanangu, ota."

"Sioti, Baba."

"Hata kama huoti, ota. Sema amekuja. Sema amesema ubaki. Nani atakwenda huko kumwuliza?"

Msasa alisugua ubao kwa muda. "Nikidanganya leo, Baba, siku nikimwona kweli nitajuaje? Nami nataka kujua kama amenikasirikia."

Mzee alipuliza vumbi la mbao kwenye randa yake. 

Jirani yao wa ukuta wa pili alikuwa muuguzi wa zahanati. Watu walimwita Taratibu. Alitembea pole pole mno. Ilisemekana siku moja mvua ilianza akiwa njiani, ikanyesha, ikaisha, barabara ikakauka, naye bado hajafika nyumbani. Mchana mmoja alikuja karakana kwa sababu kitanda chake kilikuwa kinalia. Alimkuta Msasa amelala amekaa, shavu juu ya kifuniko cha jeneza.

"Dada, hicho hakijakufikia bado," alisema Taratibu. "Inuka."

Msasa aliinuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Ni vidonge," alisema. "Vinanifuata hadi mchana."

"Nani kakupa?"

"Shemeji. Ni vya dukani. Nataka niote."

Taratibu aliketi juu ya rundo la mbao. "Unataka kuona, halafu unajifunga kitambaa machoni. Vidonge vya namna hii vingi huzuia ndoto. Pombe pia. Njoo zahanati kesho. Usiviache ghafla, mwili ukizoea hulipiza. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo."

"Nikiacha nitaota?"

"Unaota sasa hivi. Kila mtu huota, kila anapolala. Ila wewe hukumbuki."

"Mimi sioti, dada. Mimi ni gogo."

"Niambie, unaamkaje?"

Msasa alimweleza. Misumari. Kuruka kitandani. Mama mkwe mlangoni. Taratibu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kumharakisha.

"Sasa sikiliza," alisema. "Ndoto ni kama umande. Jua likitoka tu, umekwenda. Ukijigeuza, ukifungua macho, ukiwaza kazi za leo, imekwenda. Na ndoto ndefu huja karibu na asubuhi. Hapo ndipo mzee anapogonga misumari. Anaipigilia ndoto yako kwenye jeneza la mtu mwingine."

Msasa alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nifanyeje?"

"Lala mapema, upate usingizi wa kutosha. Kabla ya kulala jiambie, 'Nikiamka nitakumbuka ndoto yangu.' Jiambie kama unavyojiambia usisahau kuzima jiko. Ukiamka, usiinue hata kidole. Macho yafumbe. Jiulize, nilikuwa wapi? Nilikuwa nahisi nini? Kikija kipande, kishike, na kipande huvuta kingine. Kisipokuja kitu, jigeuze taratibu upande wako mwingine wa kulala, usubiri tena. Ukikipata, kiseme kwa sauti, hata kwa ukuta. Anayejua kuandika aandike. Asiyejua achore. Kisiposemwa mapema kitapotea."

"Na nikimwona, atakuwa ni yeye kweli?"

Taratibu alifikiri. "Kama wafu huja au hawaji, muulize anayejua hayo. Mimi najua vichwa vya walio hai. Kichwa kinapolala hupangapanga mambo yake. Ndoto si hukumu, dada."

Jioni ile Msasa alimwomba baba mkwe asigonge misumari mpaka jua litoke.

"Nitafanya nini gizani?" aliuliza Mzee Randa.

"Piga msasa, Baba. Hauna kelele."

Mzee akakubali. Kuanzia siku hiyo Msasa alifunga mlango wake kwa komeo. Mama mkwe alipouliza kutoka nje, alikuta kimya.

Asubuhi za kwanza zilikuwa mbaya. Msasa alilala kimya na hakupata kitu. Kisha siku moja alipata ubaridi miguuni, na hofu. Hapakuwa na mtu, wala mahali. Alimweleza Taratibu kwa aibu.

"Kipande hicho nilikitupa, kwa sababu Futi hakuwemo."

"Ndiyo kosa lako," alisema Taratibu. "Mnaulizana 'umemwona' kila siku katika nyumba ile. Unatafuta mtu mmoja sokoni, basi soko zima hulioni. Okota chochote. Hata ukiota ndoo, okota ndoo."

Msasa akaanza kuokota. Aliokota mlango usiokuwa na nyumba. Aliokota kuku aliyevaa viatu vya Kitinda, tena vilimkaa vizuri kuliko mwenyewe. Vipande vikaongezeka. Lakini si vyote vilikuwa vya kuchekesha. Asubuhi moja aliota rundo la mbao linaporomoka, polepole, naye yuko mbali, na mdomo wake umejaa maranda ya mbao. Alilia mpaka mto ukalowa.

"Kumbe ndiyo hizi nilizokuwa nazitafuta," alimwambia Taratibu. "Afadhali nisingekumbuka."

"Unaweza kuacha. Si lazima. Na zikizidi kukutisha, ukashindwa kulala, njoo zahanati usikawie. Lakini ile hofu ulikuwa nayo hata kabla hujaikumbuka. Sasa angalau unaijua sura."

Msasa hakuacha.

Wakati huo vidonge, ambavyo daktari alimpunguzia kidogo kidogo, vilikuwa vimekwisha. Harusi ya Kitinda ilikuwa imekaribia. Mama mkwe alitangaza kwamba Jumapili, baada ya chai, vitu vya Msasa vitatolewa nje. Futi mwenyewe, alisema, amesisitiza.

Jumapili asubuhi Msasa aliamka, hakujigusa. Alilala hivyo muda mrefu, midomo tu inatembea. Kisha akavaa, akaenda kukaa mezani na wenzake. Kitinda alikuwa amekwisha leta kamba ya kufungia kitanda.

"Nimeota," alisema Msasa.

Mzee Randa aliinua macho haraka. Alimtazama kama mtu anayesema: sasa, mwanangu, sema lile neno.

"Futi alikuwa karakana," alisema Msasa. "Alinipa mgongo. Alikuwa anatafuta penseli yake, na penseli iko sikioni, kama kawaida yake. Nilitaka kumwambia, sauti haikutoka. Akasema, 'Nani amechukua penseli yangu?' Akakohoa. Halafu kulikuwa na maji sakafuni. Basi. Hapo iliishia."



"Hiyo tu?" aliuliza Kitinda. "Hakusema habari za chumba?"

"Hakusema."

"Alikuwa amekasirika?" aliuliza Mzee.

"Kidogo. Kwa ajili ya penseli."

Kitinda alicheka. "Shemeji, hata kuota unaota kifundi. Mama, umesikia ndoto gani hiyo?"

 Mama mkwe alikuwa ameweka kikombe chini.

"Sikio lipi?" aliuliza.

"La kushoto, Mama."

"Alikohoa vipi? Kile kikohozi chake cha vumbi?"

"Kile kile. Mara mbili, halafu akasafisha koo."

"Na mikono?" Sauti ya mama mkwe ilikuwa ndogo sasa. "Mikono yake uliiona? Ilikuwa mizima?"

"Ilikuwa mizima, Mama. Yote miwili. Alikuwa anapapasa meza."

"Uso je? Amekonda?"

"Uso sikuuona."

Mama mkwe aliendelea kuuliza. Shati gani. Viatu gani. Alikuwa amenyoa au hajanyoa. Aliuliza kama mtu mwenye kiu anayemwona mwenzake ametoka kisimani. Na kila mtu pale mezani alielewa. Anayemwona mwanawe kila usiku haulizi hivyo. Mama yule hakuwa amemwona Futi hata siku moja.

Kitinda alifungua mdomo.

"Kunywa chai," alisema Mzee Randa.

Kitinda akanywa.

Msasa angeweza kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alimtazama mama mkwe, akaona vidole vyake vinakunja kitambaa cha meza, vinakikunjua, vinakikunja tena. Akachukua birika, akamjazia kikombe.

"Mama," alisema, "ukiamka kesho, usiinuke upesi. Nitakuja nikuelekeze."

"Nimelala nusu ya umri wangu, mkwe. Utanifundisha kulala?"

"Kulala unajua. Ni kuamka."

Mama mkwe aliguna. Lakini kamba ilibaki sakafuni mchana kutwa, na jioni alimwambia Kitinda airudishe karakana. Wiki ile Mzee Randa alianza kumjengea Kitinda chumba cha mbao ubavuni mwa nyumba. Kilikuwa kirefu, chembamba, kimelainishwa vizuri, na mfuniko wake ulikaa sawasawa. Bibi arusi alipokiona aliuliza kama ni lazima walale chali. Habari za Msasa kurudi kwao hazikutajwa tena, wala mambo matatu ya Futi.

Kazi ya mama mkwe ya kujifunza kukumbuka ilikuwa ngumu kuliko ya Msasa. Mtu aliyezoea kutunga hachoki kutunga. Alileta ndoto ndefu zenye salamu, na Msasa alimsikiliza, kisha akasema, "Hiyo ni nzuri, Mama. Sasa niambie ile ambayo si nzuri." Mama mkwe aligeukia ukuta. Siku nyingi alisema hana kitu, na siku hizo ndizo alizosema kweli.

Asubuhi moja ya baridi, Msasa aligonga mlango, hakuitikiwa. Akaingia. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu, macho yamefumbwa, machozi yanapita juu ya pua yake na kuingia katika mto. Mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa mbele yake, kama umeshika kitu kidogo.

"Mama, ni nini?"

"Nakata kucha," alisema mama mkwe kwa kunong'ona. "Mguu wa mtoto. Hautulii, unarusharusha."

"Wa nani?"

"Sijatazama juu."

Msasa alisogea, akanyoosha mkono ili amfute machozi.

"Usiniguse kwanza," alisema mama mkwe. "Bado nimeushika."