Kabla ya Boya la Njano

"Tiara, anakuacha."

Sauti ya Mkuu, bosi wake, ilikwaruza sikioni mwake kutoka kwenye kifaa kidogo kisichoingia maji. Tiara alijua anaachwa.

Mita mia tatu mbele ya ubao wake, tanga jekundu lilikuwa likikata maji moja kwa moja kuelekea nje. Upepo wa saa tano asubuhi ulikuwa umekaza, na katika ufuko ule wa watalii hakuna aliyeujua ubao wa tanga kuliko mtu aliyekuwa chini ya tanga lile. Wageni wa hoteli walimwita Profesa wa Upepo.

Tiara alimwita kaka. Kaka wa tumbo moja.

"Umbali wake na boya?" Mkuu aliuliza.

"Mita mia nne. Labda pungufu."

"Sikiliza. Akilipita boya la njano tu, mpiga shabaha anafyatua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mpiga shabaha alikuwa amelala kifudifudi kwenye boti ya kuvuta watalii wa parachuti, bunduki yake imefunikwa taulo la hoteli. Nyuma ya boya, boti nyeupe ya kifahari ilikuwa imetia nanga. Ilipeperusha bendera ya ubalozi. Kitu kikishapanda humo, hakuna askari wa kukipekua.

Na kitu chenyewe kilikuwa ndani ya mlingoti wa tanga jekundu: kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha, yenye majina na anwani za majasusi thelathini na mmoja. Jina la kumi na tisa lilikuwa la Tiara.

Kaka yake alikuwa amebeba kifo cha mdogo wake, wala hakuwa na habari.

Saa moja asubuhi, Tiara alimwona kwa macho yake akipokea kadi ile kutoka kwa mgeni wa chumba namba 212. Kaka aliizungushia utepe, akaisukuma ndani ya mlingoti, akaziba. Kisha akaja mezani, akaketi mbele ya dada yake na kummegea nusu ya mkate wake.

"Kula, Kibonge. Hiyo kazi yako ya bima itakumaliza."

Alikula. Amri ilikuwa kumwacha mpaka mpokeaji ajulikane.

Wazazi walipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na saba, Tiara minane. Kaka aliacha shule akaenda kufundisha wageni namna ya kuanguka majini bila kulia, na kwa mshahara huo akamsomesha mdogo wake mpaka chuo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja na magoti yanayouma. Yule mgeni wa 212 alikuwa amemwahidi kazi ya ukocha ng'ambo, timu ya kweli, jina lake mgongoni. Mtu hushikwa pale anapotamani.

"Mita mia mbili," alisema Mkuu. "Tiara, una bastola."

Alikuwa nayo. Glock 26, ndani ya mfuko wa plastiki kiunoni. Lakini juu ya ubao unaorukaruka, kwa umbali ule, angepiga samaki.

Alivuta mpini wa tanga mpaka mabega yakamlia. Bure. Kaka ndiye aliyemfundisha kila alichokijua, akabakiza mengine kwa ajili yake mwenyewe.

Mita mia na hamsini.

Ndipo alipokumbuka somo la kwanza kabisa.

Mtu akipunga mikono miwili juu ya kichwa, kila mwenye tanga anageuka. Kila mtu, hata awe nani. Kaka alikuwa akilirudia kila siku mpaka wageni wanacheka. Na hakuwa mtu wa maneno matupu. Katika fainali ya taifa, akiwa anaongoza, aligeuka kumfuata mpinzani aliyekuwa akipunga mikono nyuma. Kumbe jamaa kabanwa na msuli tu. Kombe likaenda, safari ya ng'ambo ikaenda. Kaka alirudi nyumbani akicheka. "Kombe linauzwa dukani," alisema.

Tiara aliliachia tanga.

Likapiga maji kwa kishindo. Alizama, akaibuka, akapanda na kuketi juu ya ubao.

"Tiara! Unafanya nini?"

"Nyamazeni. Nawaomba, nyamazeni."

Aliinua mikono yote miwili, akapunga.

Mita themanini. Sitini. Tanga jekundu halikugeuka. Mita arobaini. Alipunga huku machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akiigiza. Geuka, kaka. Usigeuke. Hakujua tena anaomba lipi.

Mita ishirini kutoka kwenye boya, kaka aliangalia nyuma.

Aliitazama boti nyeupe. Akamtazama dada yake.

Akageuka.

Alikuja kwa kasi ambayo Tiara hakuwahi kuiona kwa mtu yeyote. Alipofika alifanya kosa alilomkataza kila mwanafunzi wake: aliuacha ubao wake, akajitosa majini.

"Kibonge! Umeumia wapi? Mguu? Nishike, nishike shingoni!"

Tiara alimshika. Mkono mmoja ukapita shingoni mwake, mwingine ukamfunga pingu ya plastiki, ukaikaza kwenye kamba ya ubao.

"We! Nini hiki?"

"Usifurukute, kaka. Utaumia."

Boti ya parachuti ilikuwa tayari inakuja. Kaka alimwangalia mdogo wake kana kwamba anamtafuta ndani ya uso ule.

"Ile bima…"

"Hakuna bima."

"Waliniambia ni michoro ya injini. Michoro tu, Kibonge."

"Ni majina ya watu wa kuuawa. Na langu limo."

"Sikujua."

"Najua."

Wimbi likawainua wote wawili, likawashusha.

"Kwa hiyo hukuwa unazama."

"Hapana."

"Lakini ulipunga mikono."

"Nilipunga."

Hakumweleza habari ya bunduki ya mpiga shabaha, nayo ilikuwa imeshafungiwa mkobani. Angemweleza, kaka angemsamehe palepale, na msamaha huo Tiara asingeweza kuubeba.

Walipompandisha botini, kaka aligeuza kichwa. "Tanga langu lisikae juani. Lisuuze kwa maji ya bomba."

Tiara alilisuuza nyuma ya stoo ya mbao za tanga za hoteli, upande mmoja, kisha wa pili. Akalikunja taratibu kama alivyofundishwa. Simu ikalia.

"Kadi tunayo. Wa 212 amekamatwa kwenye lifti," alisema Mkuu. "Kazi safi. Una la kusema?"

"Sina."

Alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban. Kwenye kona ya stoo, mama mmoja mtalii aliyevaa jaketi la kuelea alikuwa akisubiri somo lake.

"Samahani, dada. Mwalimu yuko wapi?"

"Aliona mtu anapunga mikono. Akaenda kumwokoa."

"Maskini! Na huyo mtu, amepona?"

Tiara alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

"Amepona," alisema bila kugeuka.