Laiti Angeshinda Yule Mwingine

Champlin, nje kidogo ya Minneapolis, hakuna mtu anayepiga hodi. Watu hubonyeza kengele, au hupiga simu kwanza kuuliza kama waje, na wengi wao hawaji. Ndiyo maana Dafrosa aliposikia "Hodi humu!" nyuma ya mlango hakufikiri mara mbili. Alikuwa anasonga ugali, mikono imejaa unga, na moyo wake ulikuwa na njaa ya miaka mingi ya kuisikia sauti hiyo.

"Karibu!" aliitikia. "Mlango uko wazi!"

Mlango haukufunguka. Alipokwenda kuchungulia, ngazi zilikuwa tupu, na kwenye kapeti la korido hapakuwa na unyayo hata mmoja, ingawa nje mvua ilinyesha tangu asubuhi. Hapo ndipo alipotazama dirishani akaona giza limeshaingia. Ilikuwa Jumapili ile ya Oktoba ambapo Wamarekani hurudisha saa nyuma. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na robo, lakini jua lilikuwa limekwisha zama. Mama yake kule Bukoba alimlea akijua kwamba magharibi mlango hufungwa, mtoto huingizwa ndani, na hodi ya wakati huo haijibiwi mpaka mwenye kuipiga ataje jina lake. Dafrosa alijua hayo yote. Saa za watu ndizo zilizomponza.

Alifunga mlango kwa komeo, akamwinua binti yake Careen, wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa akigonga sakafu kwa mwiko. Ndani ya nyumba palinukia marashi ya waridi, na chini ya waridi harufu ya mpira ulioungua.

Msiba wa Dafrosa ulikuwa mmoja, nao haukuwa umepoa. Mdogo wake Severin alimfuata Marekani, akaingia jeshini ili asomeshwe, akauawa Mogadishu Oktoba ya mwaka tisini na tatu. Kwenye maziko, kijana mmoja mwanafunzi aliyeitwa Gaudens alishika kona ya jeneza, kisha akakaa na wafiwa hadi siku ya mwisho akiosha vyombo kama ndugu wa damu. Mwaka uliofuata alimwoa Dafrosa, na Careen akazaliwa. Furaha yote ya nyumba ile ilianzia kwenye lile jeneza, na Dafrosa hakuisamehe kwa hilo.

Sasa ilikuwa tisini na sita, uchaguzi ulikuwa unarudi, na kila jioni mbele ya televisheni alisema lilelile: "Laiti mwaka ule wa tisini na mbili angeshinda yule mwingine, Severin angekuwa hai." Hakuwa na ushahidi. Aliamini tu.

"Mama Careen," Gaudens alimwambia siku moja, "askari walipelekwa na huyohuyo unayemlilia. Tena akiwa ameshashindwa, ila hajatoka Ikulu."

"Usinifundishe hesabu ya msiba, Baba Careen. Laiti angeshinda, basi."

Siku ya pili baada ya hodi ile, Dafrosa alirudi kutoka nyumba ya wazee kule Anoka alikokuwa anauguza, akawasha televisheni. Mtangazaji alikuwa yuleyule, na tai yake ileile ya mistari. Lakini alilitaja jina la yule aliyeshindwa mwaka tisini na mbili, akaliwekea "Rais" mbele, akasema anamaliza muhula wake wa pili na Januari ataiaga Ikulu. Dafrosa akakaa polepole. Picha ikahamia barabarani, Minneapolis, wapita njia wakiulizwa watampigia nani kura. Wa tatu kuulizwa alikuwa dereva wa basi, mweusi, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele alilolipata akiwa darasa la nne alipoanguka kutoka juu ya ukuta wa parokia. Hakumjibu mwandishi. Aliitazama kamera, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Dada, ulinikaribisha. Nakuja."

Dafrosa alilia hadi kifua kikamuuma, na aibu yake ni kwamba alilia kwa furaha.

Jumatano alishuka ghorofa ya chini kumchukua Careen kwa Jeptoo, Mkenya aliyemlelea. Jeptoo alifungua mlango akatabasamu.

"Vipi Dafrosa! Umekuja ku-borrow nini?"

"Nimemfuata mtoto."

"Mtoi gani?"

Nyuma ya Jeptoo, kwenye zulia, Careen alikuwa amekaa kimya akiwatazama. Jeptoo akageuka, akashtuka, akajipiga paji la uso. "Ai! Sorry, mama. Jana nili-do double shift, kichwa haiko." Alicheka, akamkabidhi mtoto bila kumtazama, na Dafrosa alipompokea alimwona mwepesi, tena baridi kama nguo iliyoanuliwa usiku.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya ubatizo iliyoning'inia sebuleni. Yeye mwenyewe alikuwa pale, na gauni lake la bluu, amekunja mikono kama anayebeba kitu. Mikononi hapakuwa na kitu.

Ijumaa Gaudens alirudi kutoka kazini, akasimama kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe akiwa ameshika kofia, sauti yake ya chini na ya heshima, ileile ya siku ya maziko. "Pole, dada Dafrosa," alisema. Hakumwita Mama Careen. Na dakika ile Dafrosa alielewa alichokuwa amekiomba miaka mitatu bila kukitazama usoni, kwamba Severin akiwa hai hakuna jeneza, na bila jeneza hakuna kijana wa kushika kona yake, na bila kijana yule hakuna kitanda kile kidogo kilichoko chumbani, wala anayelala ndani yake.

Alimpigia simu Bi Faridah, akamweleza yote. Huyu alikuwa mama wa Tanga, aliyeletwa Marekani na masomo ya mumewe, miaka ishirini yuko maabara ya hospitali mjini akipima damu za watu, na babu yake alikuwa mwalimu aliyewasomea wenye mashetani.

"Ila mimi Mkatoliki, Bi Faridah," Dafrosa alinong'ona.

"Na huyo aliyepiga hodi alikuuliza dini, mwanangu?"

Bi Faridah alikuja Jumanne, siku yenyewe ya uchaguzi, na ubani kwenye mfuko wa plastiki. Alipanda kiti, akatoa betri kwenye king'ora cha moshi, akashuka akihema. "Huyo si mdogo wako," alisema. "Ni jini anayekula laiti. Leo kura hazijahesabiwa, jambo bado liko wazi, basi leo ataingia au ataondoka. Mimi nitasoma, lakini kumfukuza siwezi. Aliyemkaribisha ndiye amfukuzaye. Mwambie, 'Sikukaribishi, nenda ulikotoka.' Usiongeze neno, usipunguze."

Gaudens alikuwa kazini. Saa kumi na moja kasoro jua likazama, ubani ukatanda, na Bi Faridah akaanza kusoma akijiyumbisha. Careen alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa khanga, na uzito wake ulipungua kadiri dirisha lilivyozidi kuwa jeusi.

"Hodi," ikasema sauti.

Harufu ya waridi ikaingia chini ya mlango. Bi Faridah akapaza sauti.

"Hodi, dada. Kuna baridi huku. Viatu vyangu vimelowa."

Dafrosa alishika khanga kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine, na alihisi fundo la khanga likilegea kifuani kama linalofunga hewa, na akakumbuka mtoto wa kiume wa miaka sita aliyekuwa akimbeba mgongoni hivihivi akivuka mto wenye ruba, akimwahidi kwamba hatamwangusha kamwe, kamwe, na mtoto akimwamini kwa sababu dada amesema, na sasa mtoto huyo alikuwa nyuma ya mbao ya inchi mbili akitetemeka meno, na hodi ya tatu ilikuwa njiani, na king'ora cha korido kikanusa ubani kikaanza kulia, kikali, kikiizamisha hata sauti ya Bi Faridah.

"Hodi, Dada Dafrosa. Niingie au niende? Sema wewe."

Akafungua kinywa aseme nenda. Alitaka kwa moyo wote. Lakini kilichotoka ni lile neno ambalo mwenye nyumba humwambia mgeni anapokuwa hajajitayarisha.

"Subiri."

King'ora kikanyamaza. Kisha sauti, karibu sana, yenye adabu: "Sawa, dada. Nasubiri. Miaka minne si mingi."

Careen, sasa mzito tena na wa moto, akapiga ukelele mgongoni mwake akipiga mateke. Kwenye picha ya ubatizo alikuwa amerudi mahali pake. Usiku huo Gaudens aliingia akiuliza, "Mama Careen, mbona nyumba inanuka ubani?" na televisheni ikamtangaza mshindi, yuleyule aliyeshinda mwaka tisini na mbili, kama dunia nzima ilivyomtangaza.

"Ulimwambia kama nilivyokufundisha?" Bi Faridah aliuliza akivaa koti.

"Nilimwambia."

Tangu siku ile Dafrosa hasemi tena laiti. Hasemi tena karibu, pia. Wageni hufunguliwa mlango kimyakimya, na Watanzania wenzake wanasema Marekani imemharibu, hajui hata kumpokea mtu. Waache waseme. Kila magharibi anamsikia mtu kwenye korido akikung'uta theluji kwenye viatu, akihamisha uzito mguu hadi mguu, kama aliyeambiwa asubiri. Hamwogopi sana huyo. Anachoogopa ni kwamba Careen ameanza kuongea, naye hataki mtoto alijue neno lile.

Jumamosi moja ya Januari, saa kumi na moja, alimkuta ameegemeza shavu mlangoni, akisikiliza kwa makini na kucheka. Midomo yake ilikuwa inajaribu kitu, mara moja, mara mbili, kama anayefuatisha mtu anayemfundisha polepole.

"Ka," Careen akasema. "Kari."