Doa Jekundu Baharini

Kinyozi alikuwa na tabia moja mbaya: mkewe akirudi kazini, kabla hata ya kumpa pole, alimnusa. Alijifanya anamkumbatia, kumbe pua inapita shingoni na kwenye kola ikitafuta manukato ya mwanamume. Miaka yote hakupata kitu ila jasho na vumbi. Siku moja akapata harufu ya bahari.

Ungekuwa mji wa pwani, mambo yangeishia hapo. Lakini kutoka kwao hadi ufukweni ni safari ya basi ya kutwa nzima.

"Ulikuwa wapi leo?"

"Kazini, mume wangu. Niwe wapi tena?"

"Na nani?"

"Na kompyuta," mke akacheka.

Hakudanganya. Kazi yake ilikuwa kuitazama bahari kutoka angani. Juu ya paa la ofisi yao kulikuwa na madishi yanayopokea picha za setilaiti, na picha hizo zilionyesha joto la maji kwa rangi: buluu penye baridi, nyekundu penye moto. Yeye alizisoma, kisha akaandika tahadhari za dhoruba kwa manahodha. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyothubutu kusema nyumbani, maana kinyozi aliionea wivu hata kazi.

Sasa, kila kazi ina wazimu wake. Picha zile huteremka kwenye skrini ukanda kwa ukanda, taratibu, na mara nyingi mawingu hufunika nusu nzima. Mkuu wao wa kitengo, waliyemwita Bwana Mawingu, aliyatukana. Mke wa kinyozi aliibembeleza bahari. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, aliinamia skrini akanong'ona, "Njoo, mpenzi wangu. Usinifiche uso wako." Alisema hivyo miaka nenda miaka rudi, kwa mzaha tu, wala hakuna mtu aliyewahi kumsikia. Mtu, nasema.

Wiki ile ile ya harufu, katikati ya bahari lilitokea doa jekundu la mviringo.

"Dada, hili ni nini?" Bwana Mawingu aliuliza. "Maji ya moto hayatulii mahali pamoja hivi. Mkondo ungekuwa umeshayasogeza."

"Labda kifaa cha setilaiti kimeharibika, bosi."

"Nimelinganisha na setilaiti nyingine. Lipo vilevile."

Simu ikalia. Alikuwa kinyozi, akihakikisha kama mkewe yuko alikosema yuko. "Nami nakupenda," mke akamwambia haraka ili amalize. Picha mpya ilikuwa inateremka dakika hiyo hiyo, na doa lilikuwa limevimba maradufu na kusogea upande wa pwani. Bwana Mawingu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwambie tena mumeo hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Sithubutu," mke alijibu, akailaza simu kifudifudi mezani.

Kesho yake mchana, kinyozi akiwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alisikia mawimbi yakivunjika nyuma ya kioo cha dukani, akadhani ni redio ya jirani, akaendelea na mashine yake, lakini harufu ya chumvi ikazidi, ikamjaa puani, ikashuka kifuani, na ndani ya kioo, nyuma ya bega lake mwenyewe, alimwona mwanamume mrefu aliyelowa chapachapa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa mke, na kinyozi alipofungua mdomo apige kelele haikutoka sauti, yalitoka maji, maji ya chumvi, ndoo nzima, yakammwagikia mteja mabegani. Mteja alikimbia na nusu ya nywele zake, na hadi leo hajarudi kumalizia.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama mmoja mkavu, asiye na maneno mengi. Alimtoa kinyozi nje kwanza.

"Nani alimwita?" akanong'ona.

Mke akamweleza maneno aliyokuwa akiiambia bahari. Mganga akashika kichwa.

"Miaka yote unamwita mpenzi, unamwomba uso wake! Anajijua ni mume. Kwake yeye, huyo mumeo aliye nje ndiye mwizi. Maneno hayo yafie hapa, asiyasikie hata mumeo. Na bahari usiitazame tena maisha yako."

Kinyozi alipoitwa ndani, mganga alimkazia macho. "Nawe acha wivu. Yule wa baharini ana wivu, wewe una wivu. Ukiendelea, siku moja hatajua mwisho wako uko wapi na mwanzo wake uko wapi, ataingia kama anaingia kwake. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Nimeacha."

Mke aliacha kazi. Alilia siku alipofungasha vitu vyake mezani, na kinyozi aliyekuja kumbebea boksi alipiga mluzi njia nzima. Mke akapata kazi ya kufundisha hesabu shule ya jirani. Harufu ikaisha. Lakini kinyozi, mwanamume yule, alikuwa amedanganya. Aliendelea kunusa kola na kupekua simu, na akaanza kuuliza habari za mwalimu mkuu.

Halafu, ghafla, akaacha. Jumanne moja mke alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni akingoja kunuswa kama kawaida, na mumewe akamtazama tu na kutabasamu. Hakuuliza kitu. Siku zote zilizofuata alikuwa mpole, anamtazama, anamtazama tu. Mke alifurahi mpaka akajionea haya.

Jumapili alasiri mke alikuwa barazani Bwana Mawingu alipompigia simu.

"Dada, lile doa limetoka baharini."

"Tushukuru Mungu!"

"Ngoja kwanza." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kusikiwa. "Unajua setilaiti zetu zinapima na joto la ardhi. Limepanda nchi kavu. Sikutaka kuamini, nikakuza picha mpaka mwisho. Liko mtaa wenu, dada. Nadhani liko juu ya paa lenu."

"Tangu lini?" mke aliuliza, ingawa mwili wake wote ulikuwa umeshajua.

"Tangu Jumanne."

Simu ilimteleza. Kutoka chumbani, chini ya mlango, maji yalikuwa yakichuruzika polepole hadi barazani, yakamfikia vidoleni, na yalikuwa ya moto. Kitanda kililia, mtu akainuka, na ile sauti ya mumewe aliyoizoea ikamwita kwa upole.

"Njoo, mpenzi wangu. Usinifiche uso wako."