Kufuli la Mama Najiat

Kila asubuhi Mwanajuma alikaanga vitumbua uani kwake, mtaa wa Isevya. Alivipanga kwenye beseni, akavifunika kwa kitambaa safi. Kisha alimwingiza ndani binti yake Najiat, akafunga mlango kwa kufuli na kutia ufunguo kifuani. Akienda sokoni aligeuka mara kwa mara kutazama nyuma, lakini kesho yake alifunga tena.

Najiat alikuwa na miaka saba, na alikuwa kiziwi. Utotoni aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila masikio hayakupona. Wapo waliosema akatwe kimeo ili aongee. Baba yake, Abasi, fundi cherehani mpole lakini mbishi, aliwakatalia. Hata hivyo yeye na mkewe hawakujua la kufanya. Siku moja mtoto alitoka barabarani. Pikipiki ikapiga honi nyuma yake, naye hakugeuka. Alikoswakoswa. Siku hiyohiyo likanunuliwa kufuli.

Mwanajuma aliogopa pikipiki, malori, watoto wenye mawe na watu wazima wenye midomo. Usingizini aliota Najiat anamwita. Akiamka alikumbuka kwamba mwanawe hajawahi kumwita kwa jina lolote.

Asubuhi moja, akiwa sokoni, aliona moshi mzito upande wa kwao. Beseni aliliacha palepale. Alikimbia bila kandambili.

Kibanda cha nyasi cha jiko la jirani kilikuwa kinawaka. Moshi ulikuwa unaingia kwake dirishani. Watu walikuwa wanagonga mlango na kumwita Najiat atoke. Wema wao mwingi, lakini mtoto hasikii, na hata angesikia, angefunguaje?

Mwanajuma alifika, akauchomoa ufunguo kifuani kwa pupa, ukaanguka. Mwalimu Tekla, mpangaji wa nyumba ya pili, aliuokota, akafungua. Walimkuta Najiat chini ya kitanda, amejifunika shuka usoni, anakohoa.

Moto ulipozimwa, Mwanajuma alikaa chini na kulia, mtoto mapajani. Tekla aliketi karibu naye.

"Mama Najiat, shule yetu ni ya serikali," alisema. "Ina kitengo cha watoto viziwi. Tunawafundisha kusoma, kuandika na hesabu kwa lugha ya alama. Mlete."

"Mwalimu, akigongwa njiani nitamwambia nini baba yake?"

"Na leo ungemwambia nini?"

Mwanajuma alimvuta Najiat karibu zaidi.

Jioni Tekla aliwaeleza Mwanajuma na Abasi. Kwanza mtoto apimwe masikio hospitali. Kisha ataandikishwa, na ada hakuna. Asubuhi aletwe ameshikwa mkono, mchana afuatwe. Atafundishwa kuvuka barabara kwa kutazama pande zote, maana macho yake ndiyo yatakayomlinda. Wazazi nao watajifunza alama kila Jumamosi. Abasi aliuliza maswali yaleyale mara nyingi, kama hakimu, mwisho akakubali.

Hospitalini daktari aliwaambia kimeo hakihusiani kabisa na kusikia. Wapo watoto wanaosaidiwa na vifaa vya masikioni. Kwa Najiat vingesaidia kidogo sana, hivyo asicheleweshwe kujifunza lugha ya alama.

Siku ya kwanza ya shule, Mwanajuma alisimama nje ya uzio mpaka mchana. Vitumbua havikuuzwa. Alingoja kusikia kilio, lakini hakukisikia.

Muda ulipita, na Jumamosi moja Tekla aliwaeleza wazazi kwamba viziwi humpa kila mtu jina la alama. Jina hilo hutokana na kitu kinachoonekana mwilini mwake au jambo analolifanya sana. Kisha akawaomba watoto waliokuja na wazazi wao waonyeshe majina ya watu wa nyumbani kwao.

Kwa baba yake, Najiat alisukuma mikono kama anayepitisha nguo chini ya sindano. Watu walicheka, na Abasi akacheka kuliko wote.

Kwa mama yake, alikunja ngumi, akaiweka kwenye kiganja, akaizungusha.

Mwanajuma alitabasamu kwanza. Kisha akaelewa. Ilikuwa alama ya kufunga kufuli. Aliona aibu.

"Mwalimu, jina hili linabadilishwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliyelitoa ndiye anayeweza kulibadilisha," alisema Tekla. "Mimi siwezi."

Siku hiyo Mwanajuma alimpa Abasi kufuli akafungie sanduku la nyuzi. Hofu haikumwisha. Kila asubuhi, wakifika barabarani, aliushika mkono wa Najiat kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma mwenyewe. Najiat alisimama, akatazama huku na huku, ndipo wakavuka.

Asubuhi moja Mwanajuma, akiwaza unga na mafuta, alitia mguu barabarani bila kutazama. Najiat alimvuta nyuma kwa mikono yote miwili. Pikipiki ikapita ikimpulizia vumbi. Mwanajuma alishika nguzo. Mtoto alimtazama usoni, akangoja mpaka mama yake alipotulia, wakavuka pamoja.

Mchana, alipokwenda kumfuata, Najiat alikuwa mlangoni pa darasa na Mwalimu Tekla. Alipomwona mama yake aliinua mikono, kwa mmoja akaushika mwingine, akaukaza. Kisha akarudia.

Mwanajuma hakuwa ameiona alama hiyo darasani. Alimuuliza Tekla mtoto anasema nini.

"Ni wewe, Mama Najiat," Tekla alisema. "Anakuita."