Vifungo Sita

Weng alimcheka kabla hajamjua jina. Asubuhi ile Mtaa wa Kalaw, pale Manila, ulifurika mabaharia kama kawaida yake, kila mmoja na bahasha kwapani, mawakala wakipita na mabango ya kazi shingoni. Katikati yao alisimama kijana mrefu, shati jeupe la pasi kali, vifungo vimepishana hadi ukosi umemfika sikioni.

"Kaka, shati lako limelewa," Weng alimwambia.

"Limelewa lenyewe, madam. Mimi sijanywa tangu nishuke melini." Akainua mkono wa kulia wenye bendeji. "Kamba ya kufungia meli ilikatika, ikanipiga. Vidole vipo, ila havinisikii."

Jumatatu iliyofuata wakakutana tena, safari hii kliniki ya kampuni ya meli. Kijana yule, Eliseo, ndiye mgonjwa, Weng ndiye wa kumzoeza viungo. Penzi likaota hapohapo, kati ya mipira ya kuminya na mabeseni ya maji moto. Weng akamkunjia waya, akapata kindoano cha kuvutia vifungo kwa mkono wa kushoto. Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uji wa mchele. Nusu limekula shati."

"Basi kesho nakuja kulikagua hilo shati."

Siku Eliseo alipofunga vifungo vyote, Weng alilia kwa furaha. Akaandika kwenye faili na kutia saini: "Leo amefunga vifungo sita mwenyewe." Kindoano hakukitaja. Furaha ilimpofusha, na hilo hatalikana.

Daktari wa kampuni akausoma mstari ule, akaandika kwamba baharia huyu anafaa kurudi kazini. Na anayefaa kurudi kazini hapewi fidia ya ulemavu.

"Weng, hii saini ni yako?" Eliseo alipiga simu mchana huohuo.

"Seo, nisikilize kwanza."

"Ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Nikadhani unanifundisha kuvaa. Kumbe ulikuwa unaniuza."

Akakata. Kesho yake kindoano kikaachwa mapokezi ndani ya bahasha, bila hata neno moja.

Wiki tatu Eliseo hakupokea simu. Weng akaenda kwa mwanasheria aliyesimamia madai ya fidia ya Eliseo, akaapa kwa maandishi kwamba mkono wa kulia haukugusa kifungo hata kimoja. Kliniki ilipopata habari, ikamfukuza. Akashika njia ya Kalaw, maana alijua mtu aliyekata tamaa ya fidia atakuwa wapi.

Alimkuta mbele ya wakala. Wakala alisoma cheti cha daktari wa kampuni, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akatoa mkono. "Niminye." Vidole vya Eliseo vikalala tu juu ya kiganja chake.

"Pole, ndugu," wakala alisema, akaita mwingine.

Eliseo aligeuka, akamwona Weng. "Kwa kampuni mimi mzima, kwa hawa mimi kilema. Mama anasubiri nyumbani na mimi sina pa kushika. Unataka nini tena?"

Weng akampa nakala ya kiapo. Eliseo aliisoma mara mbili.

"Na kazi yako?"

"Sina. Nimefukuzwa jana."

Eliseo akaketi ukingoni mwa barabara, watu wakimpita, akalia bila kujificha. "Nisamehe, Weng. Nilikufikiria vibaya."

"Nami niliandika vibaya," alisema Weng, akaketi karibu naye.

Daktari aliyetafutwa na mwanasheria akampinga yule wa kampuni, likabaki tumaini moja: daktari wa tatu, aliyechaguliwa na pande zote mbili. Neno lake ndilo la mwisho. Siku hiyo waliketi barazani kwake, Eliseo na shati lake jeupe, kifua nje.

"Nipe kindoano."

"Leo hapana. Acha auone mkono ulivyo. Na usijikaze kiume humo ndani. Ukiumia, sema."

"Niingie kama mlevi?"

"Ingia hivyohivyo."

"Na akisema mimi mzima?"

Weng akasema, "Basi nitakufunga vifungo mimi, kila asubuhi, mpaka tuzeeke."

"Hiyo ni posa, madam?"

"Wewe ndiye uliyechelewa."

Jina la Eliseo likaitwa. Alisimama, shati likaning'inia wazi mbele ya watu wote. Mikono ya Weng ikaanza kumfuata yenyewe, ikitaka kumfunga vifungo, akaivuta, akaikalia.