Michubuko ya Bawa la Kulia

"Weka chini!"

"Mama, nielewe basi. Ndege ni yangu."

"Weka chini nimesema! Mume wangu hajafunikwa hata shuka, wewe unabeba ndege?"

Inspekta aliwakuta hivyo, wanavutana sanduku la kadibodi mlangoni pa chumba cha uani, mjane huku, Mwenyekiti wa klabu ya ndege za mfano kule. Nyuma yao, kwenye sakafu ya saruji, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umeingia chini ya meza yake ya kazi, nywele nyeupe zimegandamana kwa damu kisogoni. Thina ya kuyeyushia rangi ilinuka mpaka macho yakawasha.

Inspekta alikuwa mama wa wavulana watatu. Ugomvi wa aina hii alikwisha kuuamua mara elfu, na hukumu yake ilikuwa ileile siku zote: kinachogombewa kinachukuliwa na mama.

"Konstebo, pokea hilo sanduku. Nyie wawili tokeni hapa."

"Taratibu na mabawa," Mwenyekiti alimwambia konstebo. "Tena usiguse rangi."

Inspekta alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Viatu viling'aa. Suruali ilikuwa na mstari wa pasi, na juu ya mfuko wa shati ilibandikwa beji ya ndege ya rangi ya dhahabu. Maiti ilikuwa hatua mbili kutoka hapo aliposimama, na yeye alikuwa na hofu ya rangi.

Alifungua sanduku. Ndani mlikuwa na ndege ya kivita ya propela, ya plastiki, fupi kuliko upawa, kijani cha jeshi. Ilikuwa hoi. Masizi yalitoka kwenye ekzosi yakaburuzika kwenda mkiani, rangi ilibabuka penye viungo, na matairi madogo kama vifungo vya koti yalikuwa na tope kavu.

"Mbona chakavu?"

"Imezeeshwa," Mwenyekiti alisahihisha, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Unaijenga mpya, halafu unaichakaza kwa ustadi. Ni sanaa, afande. Si kila mtu anaielewa."

"Kwangu nina watoto watatu wanaochakaza vitu vipya bure," Inspekta alisema. "Kasubiri mezani."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti karibu na maiti. Alizungumza bila kuinua kichwa.

"Ukiingia utadhani kalewa hewa ya thina akaanguka. Chupa imemwagika, dirisha limefungwa. Lakini jeraha liko kisogoni, na mtu anayezimia kwenye meza hii ataumiza paji la uso. Angalia pembe ya kompresa."

Kompresa ya kupulizia rangi ilikuwa sakafuni kando ya ukuta, imevaa vumbi la rangi la miaka. Pembe yake moja tu ilikuwa safi.

"Imefutwa."

"Imefutwa, na mtu huyu kageuzwa. Kitu kingine, Inspekta. Hakufa papo hapo. Damu imemtoka polepole. Nakadiria aliishi saa nzima, labda zaidi. Angewahishwa hospitali, pengine sasa hivi tungekuwa tunamhoji."

Inspekta alitazama feni ya kuvutia hewa iliyofungwa dirishani. Ilikuwa imezimwa. Akavaa glavu, akaigusa ndege kwa ncha ya kidole chini ya bawa la kulia. Vanishi ilinata. Akagusa la kushoto. Kavu.

Mjane alikuwa jikoni, amesimama wima kana kwamba akikaa hatainuka tena. Inspekta hakumpa pole ndefu. Alimpa kiti na glasi ya maji.

"Uliondoka saa ngapi, mama?"

"Saa tatu. Nina kliniki ya presha kila mwezi. Nimerudi saa saba, nikamkuta."

"Feni hutumika?"

"Bila feni hafungui thina. Kifua chake kibovu, nilimfungia feni hiyo mwenyewe."

"Na ndege ni ya nani?"

Hapo mama yule alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Ya nani? Mwanangu, zote ni za mume wangu. Hii, na zile tatu zilizoko kwenye kabati la kioo ukumbini mwa klabu. Yule bwana hajui hata kushika kibano. Huleta boksi la vipande, anakuja kuchukua ndege, anaweka jina lake, anapewa kikombe. Miaka mitatu. Mwenzangu akiniambia, mimi sipendi kusimama mbele za watu, mwache tu. Alikuwa fundi wa ndege jeshini, ndege hizihizi, miaka kumi na mmoja. Kila doa alikuwa akinisomea: hili la dumu la mafuta, hili la buti la rubani. Nikamwambia, mwaka huu unaandika jina lako. Fomu nimemjazia mimi. Ilikuwa mezani pake leo asubuhi."

"Haipo."

"Basi muulize aliyeichukua." Alitoa simu kwenye mkoba. "Alinitumia hii nikiwa kwenye foleni."

Ilikuwa picha ya ndege juu ya meza, imepigwa kutoka juu, saa tatu na dakika arobaini. Chini yake maneno machache: *Kushoto tayari. Niletee ndizi.*

Bawa la kushoto lilikuwa limechoka vizuri: penye shina lake, karibu na kiti cha rubani, rangi ilionekana kama imechubuka hadi kwenye bati, na nyayo za vumbi zilionekana. Bawa la kulia lilikuwa kijani kitupu, safi kama shati la kwanza la shule.

Inspekta alirudi kwenye sanduku, simu mkononi. Sasa bawa la kulia lilikuwa na michubuko penye shina, na nyayo za vumbi. Sawasawa na la kushoto.

Mlango wa friji yake ulimjia akilini. Alama za vidole vya wanawe zilikuwa upande wa mshikio tu. Hakuna mtoto aliyewahi kuchafua upande wa bawaba, kwa sababu upande wa bawaba haufunguki.

"Mama, rubani alikuwa akipandia upande gani?"

"Kushoto. Mume wangu alinionyesha mara mia. Kulia hakanyagi mtu, hapana hata pa kushika."

Mwenyekiti alikuwa kwenye meza ya chakula, anatazama saa yake ya mkononi.

"Una haraka?" Inspekta aliuliza, akavuta kiti.

"Mashindano ni kesho. Mwisho wa kupokea kazi ni leo saa kumi. Naomba ndege yangu, afande. Mengine nitayajibu baadaye. Msiba huu umenigusa sana."

"Naona. Ndege umeitengeneza wewe?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Nyumbani kwangu."

"Imefikaje hapa?"

"Kwangu kuna ujenzi, vumbi tupu. Nilimpa mzee anitunzie, wiki mbili zilizopita. Tangu siku hiyo sijaingia chumba kile mpaka leo nilipokuja kuichukua."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Nimekuta mama analia."

Inspekta aliiweka ndege juu ya karatasi safi katikati ya meza. Uso wa Mwenyekiti ukalainika, kama wa mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe.

"Nifundishe basi. Mimi si kila mtu. Bawa hili la kulia, ni kazi yako?"

"Kila doa ni la mkono wangu."

"Hii michubuko umefanyaje?"

"Kipande cha sponji. Unachovya rangi ya fedha, unakausha kwenye kitambaa, unagusa kidogo kidogo. Inataka subira."

"Kwa nini hapa, penye shina la bawa?"

"Ndipo rubani anapopandia. Buti zinachubua rangi."

"Na hii ya kushoto?"

"Hivyo hivyo. Anapandia."

"Pande zote mbili? Kama stoo ya milango miwili?"

Konstebo aliyesimama mlangoni alijikohoza kuficha cheko.

"Inategemea," Mwenyekiti alisema.

"Inategemea nini?"

"Uwanja. Upepo."

"Upepo." Inspekta aliandika neno hilo kwenye daftari, taratibu, ili amwone akiliandika. Kisha akasukuma simu ya mjane mezani. "Picha hii imepigwa leo saa tatu na dakika arobaini. Kwenye bawa la kulia, liko wapi hilo doa la mkono wako?"

Mwenyekiti aliirudisha simu kwa ncha ya kidole.

"Jibu," alisema Inspekta.

"Basi mzee alimalizia. Labda aliona pamepungua, akanisaidia."

"Sasa hivi kila doa lilikuwa la mkono wako."

"Nilimaanisha kwa jumla."

"Fundi alihudumia ndege hizi miaka kumi na mmoja. Unaniambia siku ya mwisho ya maisha yake alisahau mlango uko wapi?" Aliinama mbele. "Hii kazi ni ya mtu aliyetazama kushoto akanakili kulia. Anayajua madoa, ndege haijui. Vanishi bado inanata, na chini ya bawa kuna alama ya dole gumba, nzima, nzuri kama ya kitambulisho. Wataalamu wa alama za vidole wako njiani. Konstebo, mpekue."

Katika mfuko wa nyuma wa suruali yenye mstari wa pasi palikutwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Konstebo aliikunjua. Fomu ya mashindano, mwandiko wa duara wa mama wa nyumbani, jina la Fundi juu kabisa.

Mwenyekiti aliitazama. Halafu mabega yaliyokuwa yamebebwa juu muda wote yakashuka, na ndani ya shati lile akabaki mtu mdogo.

"Sikukusudia."

"Anza na saa."

"Saa nne. Nilijua mama yuko kliniki. Nikaona fomu. Nikamwambia, nipe mwaka mmoja tu, mzee, mmoja wa mwisho, mwakani utaandika lako. Watu wamezoea kunijua mimi. Ningewaambia nini? Akasema, nimemwahidi mke wangu. Akanipa mgongo, akashika sponji yake. Nikamvuta bega. Alikuwa mwepesi, afande. Alikwenda chini kama kiti."

"Akagonga kompresa."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai?"

Mwenyekiti alitazama mikono yake.

"Alikuwa anakoroma."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Ina chaji?"

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Upande wa kulia ulikuwa haujakwisha," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Kanuni zinakataa kazi isiyokwisha."

Konstebo hakucheka tena. Katika miaka kumi na tisa ya kazi Inspekta alikwisha kukaa meza moja na walevi, wezi wa nyaya, na mtu aliyemchoma kisu nduguye kwa ajili ya mpaka wa ua. Wote hao walipokumbuka walichofanya waliomba maji. Huyu alikuwa anaeleza kanuni.

"Ukakaa kwenye kiti chake."

"Saa moja na nusu hivi. Alipoacha kukoroma nikafuta kompresa, nikamgeuza, nikamwaga thina."

"Kwa nini hukuondoka na ndege yako?"

"Rangi mbichi. Ningeiweka kwenye sanduku ingeharibika."

Mjane alikuwa amesimama kizingitini mwa jikoni. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Hakupiga kelele. Alimtazama Mwenyekiti kama anavyotazamwa mende aliyekutwa ndani ya unga.

"Saa moja na nusu," alisema. "Na bado umekosea."

Inspekta alifunga daftari. Ndege ilitiwa ndani ya sanduku la vielelezo, ikapigwa lakiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika ishirini.

"Hii itabaki kwa polisi mpaka kesi iishe, mama. Kesho haitakuwepo mashindanoni. Samahani."

"Ibaki. Ina mkono wa huyu. Siitaki." Mjane alivuta pumzi. "Zile tatu nazitaka. Zile hakuzigusa."

Inspekta alifikiri kwa muda wa kufunga kifungo kimoja cha koti.

"Konstebo, mfunge pingu. Tukienda kituoni tunapitia ukumbini."

"Afande, hapana." Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja. "Wanachama wote wako pale leo. Nipelekeni moja kwa moja. Nitasaini chochote."

"Utasaini, ndiyo. Twende."

Ukumbini watu ishirini na kitu walikuwa wanapanga meza. Waliinua vichwa kumsalimu Mwenyekiti wao, wakaona pingu, salamu zikafia midomoni. Inspekta alimsimamisha mbele ya kabati la kioo, taa za kabati zikimmulika usoni. Ndege tatu, vikombe vitatu, na mbele ya kila ndege kadi nyeupe yenye jina moja, kwa herufi za madoido.

"Ufunguo."

Katibu wa klabu aliuleta mbio. Inspekta alifungua kabati, akampa mjane kalamu yake ya kazini.

Mjane aliinama kwenye kila ndege kwanza, akatazama mabawa. Kushoto, michubuko. Kulia, safi. Zote tatu. Akaondoa kadi, akaandika jina la mumewe kwenye kadi za ziada alizopewa na katibu, kwa mwandiko uleule wa kwenye fomu, akazisimamisha mahali pake moja baada ya nyingine.

Kadi za zamani alimtia Mwenyekiti katika mfuko wa shati, chini ya beji ya dhahabu, akaupigapiga mfuko ule kwa kiganja ili zikae.

"Shika," alimwambia. "Hizi ndizo ulizotengeneza mwenyewe."